Mfereji wa Mzee Mgonja

Hapakuwa na mtu hodari wa kukwepa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kama tajiri Mzee Mgonja. Wenzake wakishika majembe, yeye leo mgongo, kesho goti. Lakini usiku alipong'oa masale ya mpaka pale kwenye mparachichi na kumega shamba la mjane Nakiete hadi mtoni, goti halikumuuma.

Asubuhi moja Nakiete alipiga hodi kwake, kijiji kizima nyuma yake na majembe.

“Shikamoo, baba. Leo ni mfereji. Kila mtu anachimba unapopita kwake, na wako ni kule kwenye mawe, mtoni.”

“Mtoni si kwangu! Mimi naishia hapa kwenye mparachichi.”

“Kweli, baba?”

“Naapa mbele ya hawa wote!”

Nakiete alifungua kanga, akatoa miche ya masale.

“Jamani, mmesikia wenyewe. Mfereji haupo. Leo tunapanda mpaka.”