Mama Asiyekuwamo kwenye Filamu

Kwenye kambi moja ya wakata miwa kulikuwa na banda la video, na mwenye banda aliitwa Melkiori. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitafsiri. Picha ikienda, alishika kipaza sauti na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye skrini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sauti yake ilikuwa tamu, na kambi haikuwa na mkalimani mwingine.

Mwaka huo alionyesha tamthilia ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, sehemu moja kila Jumapili mchana. Kapteni wa chombo hicho alikuwa mtu wa maneno machache. Mara nyingi alisimama dirishani akitazama giza la nje, asiseme kitu. Melkiori aliona aibu kunyamaza huku watu wamekaa wanamsubiri, basi akaujaza ule ukimya. Alisema kapteni anamwaza mama yake, kwani aliondoka kwao bila kumuaga. Alisema mama huyo kila jioni humwekea mwanawe chakula, hukifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi huwamwagia kuku. Watu walifuta machozi. Hakuna aliyeuliza kuku wamefikaje huko kwenye nyota.

Mkata miwa mmoja, Ambakisye, aliguswa kuliko wote. Naye aliondoka kwao Tukuyu kwa hasira, bila kumuaga mama yake, na kwa miaka tisa hakupiga simu wala kutuma salamu. Sasa hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki ni woga. Kila Krismasi alifunga begi lake, na kila Krismasi alilifungua tena. Mwaka huo ikasikika kwamba sehemu ya sikukuu inakuja, ndefu kuliko zote, na Melkiori, kwa kupenda kusifiwa, akawaahidi watu kwamba humo kapteni atafika nyumbani. Ambakisye akaweka nadhiri moyoni: mama yule akimpokea kapteni, nami naenda.

Siku moja kabla ya Krismasi, saa sita mchana, banda lilijaa mpaka mlangoni. Ambakisye alikuja na begi lake, akaliweka katikati ya miguu. Basi la mwisho lingepita saa tisa.

Sehemu ile ilikuwa ya hovyo, siwezi kuipamba. Chombo hakikusogea hata kidogo. Roboti alivalishwa kofia nyekundu, wafanyakazi wakala keki, na kapteni akaimba nyimbo tatu, zote vibaya. Melkiori alikaa akimsubiri mama atokee, kana kwamba si yeye aliyemtunga. Watu wakaanza kusonya, wakisema waliotengeneza filamu hiyo wamewadharau. Mwisho ulipokaribia, Melkiori akajaribu kusema kwamba yule mwanamke mnene aliyebeba keki ndiye mama mwenyewe. Banda zima likacheka.

Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye skrini, Ambakisye alisimama, begi mkononi. Hakuwa na ugomvi. Alimwomba Melkiori, kwa upole, amwambie yule mama yuko wapi, na kama alimpokea mwanawe au hakumpokea. Safari hii Melkiori hakutunga kitu. Aliweka kipaza sauti chini.

"Kaka, kwenye filamu hayumo, na hajawahi kuwamo. Yule ni mama yangu mimi. Habari za ile sahani nilipewa na dada yangu."

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Walikuwa wamempenda mama wa kapteni kwa miezi, na sasa wanaambiwa kapteni hana mama. Walitoka wakimtukana. Lakini Ambakisye alibaki amesimama, na woga ukawa unamtoka taratibu. Mama wa kwenye filamu angekuwa mwema kwa sababu ameandikiwa wema. Huyu hakuandikiwa na mtu. Alikuwa mwanamke wa kweli, mwenye kuku wa kweli, aliyeudhiwa kweli na mwanawe, na bado jioni alifunika chakula. Kama yupo mmoja wa namna hiyo, alifikiri, huenda na Tukuyu yupo.

Alimwambia Melkiori afunge banda waondoke wote, maana basi lile lilipita kwao pia. Melkiori alilia, wala hakuficha. Kisha akatazama mlangoni, ambako watu wa onyesho la pili walikuwa wamekwisha kupanga foleni, akasema ataenda mwakani.

Ambakisye alikwenda barabarani peke yake. Alipokuwa akisubiri basi, alisikia sauti ile tamu ikitoka bandani, ikiwaambia watu wapya kwamba kapteni anamwaza mama yake. Basi likaja, akapanda.

Nawauliza ninyi wenzangu mnaoshika vipaza sauti kanisani kila Jumapili, na kabla yenu nimejiuliza mwenyewe: kati ya wawili hao, ni nani aliyeamini kwamba chakula kile kimefunikwa?