Mkeka wa Bi Pimbi na Sheria ya Macho

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Palikuwa na nani?

— Palikuwa na mtu!

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na Pimbi. Na wewe uliyejificha nyuma ya dada yako, sogea mbele unitazame mdomo. Ngano husikilizwa kwa macho, masikio yanasaidia tu.

Basi hapo kale, huko kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia. Alikuwa fundi wa mikeka na makapu. Alikata ukindu, akauanika, akauchana, akauchovya rangi, akausuka. Wala hakusuka peke yake. Kila asubuhi mafundi walikaa kivulini pamoja: Muhanga akifinyanga vyungu, Mnana juu ya tawi akisuka kiota, Nyigu pale kwenye jabali akijenga vyumba vyake vya udongo. Huyu akimtazama yule, yule akimtazama huyu, soga zikienda na mikono ikienda.

Siku moja akaja Chui. Zama hizo Chui alikuwa na ngozi ya rangi moja, njano tupu, haina hata doa. Mikono yake haijapata kutengeneza kitu, hata mwiko. Lakini kutamani, lo! Aliona chungu, akakitamani. Aliona kapu, akalitamani. Akasimama katikati yao, akanguruma: "Nimekaa nikiwatazama, nyote ni wezi! Kila mmoja anaiba kazi ya mwenzake kwa macho. Kuanzia leo, atazamaye kazi ya mwenzake ni mwizi. Na kazi ya mwizi ni mali ya Chui."

"Sasa Bwana, na wewe uliyekaa ukitutazama..." akaanza Muhanga.

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema, Bwana."

Chui akabeba vyungu, akapeleka pangoni kwake. Akabeba makapu, akapeleka pangoni kwake. Mafundi wakapeana migongo. Muhanga akazungushia ua mahali pake pa kufinyangia. Mnana akahamia upande wa pili wa mti. Kivulini pakawa kimya, unasikia nzi akipita.

Na hapo ndipo mkono wa Bi Pimbi ulipokauka. Alikaa mbele ya jabali lake peke yake, akashika ukindu, akauacha. Akaushika, akauacha. Kila nakshi aliyoifikiria alikwishaisuka zamani. Mwenyewe alishangaa, maana ukindu ulikuwepo, rangi ilikuwepo, vidole vilikuwepo. Kilichopungua hakukijua.

Lingekuwa jambo dogo, lakini Chiku, mtoto wa kaka yake, alikuwa anaolewa. Na kwa mila za mapimbi, bibi arusi hukalishwa juu ya mkeka aliosukiwa na shangazi yake, mkeka wenye nakshi ambayo haijapata kuonekana. Asiyekuwa nao hukalishwa juu ya jiwe tupu, na mawifi watamsimanga kwa jiwe hilo mpaka azeeke.

"Shangazi, mkeka?" akauliza Chiku.

"Unakuja, mwanangu."

"Shangazi, mkeka umefika wapi?"

"Uko njiani."

Mkeka haukuwa njiani. Haukuwa popote. Chiku akamwangalia shangazi yake, akaelewa, wala hakuuliza tena. Kule kutouliza ndiko kulikomuumiza Bi Pimbi, akatamani mtoto amgombeze.

Kulipopambazuka akatoka, nyata, nyata, akajibanza nyuma ya jani la mgomba, akamchungulia Mnana. Mnana alikuwa akifanya kazi: pitisha, vuta, kaza! Pitisha, vuta, kaza! Bi Pimbi akatazama, na moyo ukamsuta. Mwizi wewe. Mtu mzima, fundi mzima, unadokoa kazi ya ndege. Machozi yakamlengalenga.

"Bi Pimbi," Mnana akaita bila kugeuka, "toka huko nyuma. Mwenye kujificha ananitia wasiwasi, napoteza hesabu ya nyuzi."

Bi Pimbi akatoka, uso chini. "Nisamehe, Mnana. Nilikuwa nakuibia."

"Umeniibia nini? Kiota changu si hiki hapa? Kimepungua?"

"Hakijapungua."

"Haya. Mimi mwenyewe unadhani nilifundishwa na nani? Tulizaliwa wengi juu ya mti mmoja, kila mmoja shingo kamgeuzia jirani. Tukianza kurudishiana tulivyoibiana kwa macho, hatutamaliza mpaka kiyama."

"Na nikilichukua hilo fundo lako?"

Mnana akacheka, "Lichukue! Litakusumbua tu. Fundo la kiota halikubali kulala kwenye mkeka."

Bi Pimbi akaketi, safari hii waziwazi. Akatazama mdomo wa kiota, ile duara yenye giza katikati. Kisha akaenda kwa Nyigu, akamtolea salamu, akaomba ruhusa ya kukaa. Nyigu, mwenye kazi nyingi, akasogea kidogo asimzibe. Nyigu alipiga udongo: pa-pa, akanyamaza. Pa-pa, akanyamaza. Kila alipopiga alizunguka, na kila alipozunguka aliacha tundu. Bi Pimbi hakuwa na haja na udongo. Hakuwa na haja na tundu la nyigu pia. Ila alipotazama ile mikono midogo ikifanya bila hofu, mikono yake mwenyewe ikaanza kuwasha. Akajikuta anacheka peke yake. Akainuka, akarudi kwake mbio.

Akachemsha mizizi ya mdaa mpaka rangi ikawa nyeusi ti. Akajaribu fundo la Mnana, likakataa kulala. Akalikunja, likakataa. Akalikunja huku, akalivunja kule, likalala, na lilipolala halikuwa la Mnana tena. Akasuka duara nyeusi iliyokatikakatika, katikati tupu. Karibu yake nyingine. Karibu yake nyingine. Mkeka ukaenea jabali zima, na nakshi ile hakuna aliyepata kuiona, hata yeye.

Kilichobaki ni rangi kukauka. Na harusi ni kesho.

Basi si akaja Chui! Alipouona ule mkeka, mate yakamtoka, do, do, do.

"Bi Pimbi! Nimeambiwa ulikuwa kwa Mnana."

"Nilikuwepo, Bwana."

"Na kwa Nyigu."

"Nilikuwepo."

"Basi mkeka ni wangu."

Bi Pimbi akamwona Chiku amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Akainama kwa adabu, akasema, "Ni wako, Bwana wangu. Ila mkubwa kama wewe hakalii mkeka kama mama muuza vitumbua. Mkubwa hulala ndani yake. Tunaukunja, tunaushona pembeni, unakuwa fumba, ule mfuko wa kulalia. Baridi haiingii, mbu haingii. Tatizo ni kipimo. Nisipokushonea ukiwa ndani, utakubana."

"Nishonee!" akasema Chui.

Bi Pimbi akaukunja mkeka, akatoa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka. Choma, vuta! Choma, vuta! Chui akainama karibu kabisa, macho yamemtoka. Bi Pimbi akasimamisha mkono.

"Bwana, taratibu. Macho."

"Macho yana nini?"

"Yanatazama kazi. Na atazamaye kazi..." Bi Pimbi akashusha sauti. "Mimi simwambii mtu. Lakini Chiku yuko pale, ana mdomo."

Chui akakohoa. "Sheria ni sheria." Akafumba macho kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana.

"Sasa ingia, Bwana wangu. Mikono kifuani. Mkia nao, uvute ndani. Usifumbue, bado nashona."

Chui akaingia. Choma, vuta! Choma, vuta! Ubavuni, miguuni, begani, mpaka mdomo wa fumba ukafungwa. Ukindu wenye maji, mwajua, ukikazwa unashika kama koo la bahili. Chui akajaribu kunyoosha mkono, hakuna nafasi. Akajaribu kucha, hazina pa kukwaruza.

"Bi Pimbi, mbona pananibana?"

"Ndiyo kipimo chenyewe, Bwana."

Ndipo Chui akapiga ukelele. "Jamani! Njooni! Njooni mwone ninachofanyiwa!"

Wakaja. Muhanga alikuja, Mnana alikuja, hata Nyigu aliacha udongo. Wakasimama kulizunguka fumba, wote wameligeuzia mgongo.

"Muhanga, nifungulie!"

"Kufungua mshono, Bwana, mpaka nitazame ulivyoshonwa," akajibu Muhanga, akitazama mawinguni. "Nami sitaki wizi."

"Mnana!"

"Kama Muhanga."

"Nyigu!"

"Zzzz," akasema Nyigu, maana yake ni hivyohivyo.

"Nakufa humu!"

"Pole... aa, hapana," akasema Muhanga. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Chui akatweta, akalia, akatukana, akabembeleza. Jua likapanda. Mwishowe sauti ikatoka ndogo kama ya kitoto cha paka: "Basi tazameni. Tazameni nyote. Hakuna sheria. Vitu vyenu viko pangoni, kachukueni."

Wakageuka. Bi Pimbi akaketi, akaanza kufumua mshono polepole, na kila mmoja akasogeza shingo kuona. "Hapa nimepitisha juu," akawaeleza, "hapa nimekunja. Hili la kukunja nimepata kwa Mnana." Mnana akavimba kifua. Vidole vya Muhanga vilikuwa vinachora duara mchangani. Kikao kile cha zamani cha kivulini kilikuwa kimerudi, na Bi Pimbi aliona raha mpaka akachelewesha mshono wa mwisho.

Chui akatoka. Wote wakamkodolea macho. Rangi ya mdaa ilikuwa mbichi, na nakshi yote ilikuwa imemgandia: duara nyeusi mgongoni, duara nyeusi mbavuni, mpaka kwenye mkia.

"Bwana," akauliza Chiku, kwa adabu zake zote, "hiyo kazi uliyovaa ni ya nani?"

Chui akajitazama. Akaruka mtini, akazama kwenye majani, na mpaka leo huenda kwa kujificha, asipende mtu amtazame.

Siku ya pili Chiku aliketi juu ya mkeka. Mahali tumbo la Chui lilipolalia, rangi ilikuwa imevujavuja, na mawifi walikubaliana kwamba hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Ngano yangu naikunja hapa. Ikiwa tamu, tugawane; ikiwa chachu, niachieni mwenyewe, nitatia sukari.

Na funzo lake ni hili: kutazama kazi ya mwenzio ni vibaya, vibaya sana! Mimi ngano hii nimeitunga peke yangu, sikumtazama mtu. Bibi yangu alikuwa akisimulia tu, nami nilikaa miguuni pake, macho chini. Sijui hata alikuwa akichezesha vipi mikono akifika pale pa choma, vuta.

Na wewe uliyesogea mbele, ukanitazama mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, nimekuona. Mwizi mkubwa. Kesho utasimulia wewe, mimi nitakuja kukaa mbele.