Kona Isiyobeba Taulo

Bondia mmoja mstaafu, Shomvi, alikuwa na mkanda wa ubingwa ukutani na mtu mmoja mjini asiyesemeshana naye. Mtu huyo aliitwa Matimbwa. Walikua mtaa mmoja, wakajifunza ngumi kwa gunia moja la pumba, na Shomvi alipoanza kupanda ulingoni, Matimbwa ndiye aliyesimama kwenye kona yake na ndoo ya maji na taulo.

Siku ya pambano kubwa kuliko yote, ikiwa imebaki raundi moja, Shomvi jicho moja limefumba na miguu inatafuta sakafu, Matimbwa alirusha taulo ulingoni, ishara ya kukubali kushindwa. Mwamuzi akavunja pambano. Shomvi, aliyeamini kwamba alikuwa anaongoza kwa pointi, alimtazama rafiki yake kwa lile jicho zima akasema, "Umeniaibisha mbele ya mji mzima." Matimbwa aliokota taulo, akamwaga maji ya ndoo, akaenda zake.

Tangu hapo, msibani mmoja akikaa upande huu wa turubai, mwingine alihamia ule. Salamu zilipitia kwa watu. Wazee walijaribu kuwapatanisha wakachoka.

Wala Shomvi hakuibeba hasira hiyo peke yake, mji ulimsaidia. Shujaa wa siku zile alikuwa Pazi, bondia ambaye kona yake ilijigamba kwamba haibebi taulo. Na kweli hawakubeba. Jasho walimfuta kwa fulana. Pazi alipigwa asisimamishwe, akaanguka akainuliwa kwa kelele, na watu wa viti vya mbele, soda mkononi, wakarudi makwao wakijiona majasiri. "Yule ndiye mwanamume," walisema. Ni rahisi mno kuwa jasiri kwa pua ya mwenzako.

Mabondia wastaafu wa mji huo wana desturi yao. Kila mwaka hukutana mchana kwenye ukumbi wao wa zamani wa mazoezi, pamoja na wake zao na sufuria la pilau, na kila mmoja husimama kusimulia pambano analojivunia, raundi kwa raundi. Mtu wake wa kona husimama kando yake, na msimulizi akitia chumvi, husahihishwa hapohapo mbele ya watu. Kicheko kiko hapo. Shomvi kila mwaka alisimulia siku aliyoupata mkanda, na kwa kuwa alisimama peke yake, alitia chumvi atakavyo. Haikuwa na utamu. Matimbwa alikuwa akisikiliza kutoka benchi la mlangoni, anakula pilau yake, anaondoka.

Mwaka mmoja Pazi alisimama, watu wake wawili wa kona kando yake. Alianza kwa mbwembwe kama kawaida. Alipofika raundi ya tatu alinyamaza, kisha akaanza tena ya kwanza. Watu wakacheka. "Pazi bwana! Unataka tukupigie makofi mara mbili?" Akafika ya tatu, akarudi ya kwanza. Kicheko kikapungua. Wale wawili wa kona walitazama viatu vyao. Hawakujua wasahihishe nini. Pazi akamgeukia mwanamke aliyeketi karibu naye, akamwuliza kwa adabu, "Samahani mama, wewe ni wa kwa nani?"

Mkewe akamtajia jina lake taratibu, kama mtu aliyelitaja pia asubuhi.

Hapo Shomvi akainuka. Miaka yote alimwonea Pazi wivu, lakini hakuweza kuliacha pambano la mwanamume yule likining'inia mbele za watu. Alikuwapo siku ile. Akalichukua kutoka raundi ya tatu: ngumi ya kushoto iliyompasua Pazi nyusi, taa iliyozimika ikawaka, muuza karanga aliyemwaga sinia lake akishangilia, mpaka mpinzani alipokaa chini asiinuke. Hakuruka kitu. Pazi alisikiliza amekaza macho, kisha akasema, "Jamaa huyo hodari sana. Alishinda?"

"Alishinda, kaka," Shomvi alisema. "Tena vizuri."

Akabaki amesimama. Wengine walidhani ni huzuni, na ilikuwapo. Lakini Shomvi alikuwa ametambua kwamba yeye ngumi hazikumpotezea kitu kichwani. Alikumbuka pambano la mwenzake na la kwake, jina la mkewe, majina ya wajukuu wote na nani kati yao hali maharage. Hakuna anayeweza kuapa kwamba raundi ile moja aliyozuiwa na taulo ingemfanya kama Pazi. Wala hakuna tena aliyeweza kumwambia Shomvi kwamba isingemfanya.

Akageukia mlangoni. "Matimbwa! Ndugu yangu, zamu yangu imefika na kona yangu iko wazi."

Matimbwa aliweka sahani chini. "Nije na taulo au niliache?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, mke wa Pazi naye akacheka huku akijifuta macho. Matimbwa akaja akasimama mahali pake. Na Shomvi, kifua mbele kuliko siku aliyovishwa mkanda, akasimulia kwa mara ya kwanza pambano alilopoteza. Alipofika kwenye kuongoza kwa pointi, Matimbwa alimkata: "Pointi zipi, wewe? Ulikuwa umeachwa mbali!"

"Mnamsikia?" Shomvi alipaza sauti, mkono wake begani kwa mwenzake. "Siku ile mji mzima ulinishangilia isipokuwa huyu, na huyu ndiye wangu."

Nawe unayepigana leo, huku waliokuzunguka wakikupigia kelele uinuke: kati yao wote, yuko nani anayekupenda kiasi cha kukubali umchukie?