Sikudhani na Nyasi Zinazoota

— Paukwa!
— Pakawa!
— Ufagio!
— Wa uani!
— Mtungi!
— Wa maji!
— Fyekeo!
— La adhabu!

Aa. Nani amesema la adhabu? Ni wewe, Mboje? Si kosa lako. Shuleni ukichelewa unapewa fyekeo, ukicheka unapewa fyekeo, mwalimu akiamka vibaya unapewa fyekeo. Mtoto akikua hivyo, akiona upanga uliopinda ncha anauliza amekosa nini. Basi sogeeni, niwape ya msichana aliyekaribia kupoteza nyumba ya mama yake kwa sababu hiyohiyo.

Hapo zamani za kale, nyasi zilipokuwa bado zinasema, palikuwa na msichana jina lake Sikudhani. Alisoma kwa walimu saba. Akajua hesabu za nyota, akajua sheria za wafalme, akarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri mwekundu. Siku hizi mnaiita digrii. Akaipeleka barazani kwa Jumbe, mtawala wa mji, kuomba kazi. Wakamwuliza ana eksipiriensi ya miaka mingapi. Akasema miaka yote alikuwa akisoma, kama walivyomwambia asome. Wakasema sori, binti, nafasi imejaa. Imejaa nani? Mpwa wa Jumbe, ambaye hata jina lake huliandika kwa kubahatisha.

Mwaka mzima Sikudhani akakaa kizingitini, karatasi mapajani, hasira kifuani. Huku nyuma mama yake, Bi Zawena, akavimba mguu, akawa hainuki kitandani. Miaka ishirini ni yeye aliyekuwa akifyeka kiwanja chao kila juma. Sasa hakuna wa kufyeka. Nyasi zikapanda gotini. Zikapanda pajani. Zikapanda kiunoni.

Na mji ule ulikuwa na sheria: kiwanja kikimezwa na nyasi mpaka kiunoni, ni pori, na pori ni mali ya Jumbe. Akaja mpima wa Jumbe, Bwana Makoba, na kamba yake na vigingi vyake, akapiga hodi asingoje karibu. Akatangaza siku tatu. Siku ya tatu jua likisimama utosini, akikuta nyasi za kiunoni anapigilia vigingi, na wenye nyumba wanatoka, mgonjwa na mzima.

Bi Zawena akamwita bintiye kitandani. "Mwanangu, fyekeo liko nyuma ya mlango."

"Mama, kwani nimekosa nini?"

Mnaona? Ndilo jibu lililomjia.

Siku ya kwanza akatoka, kwa sababu mama alikuwa akilia. Nyasi zilipomwona, zikatikisika kwa kicheko, zikaimba:

*Sisi twaota, msomi naye aota,*
*sisi twaota mashina, yeye aota vyeo,*
*tuone nani atang'olewa.*

— Wote wanaota?

Wote, Mboje. Nyasi kuota ni kumea. Sikudhani kuota ni kule kwa usingizini, ila yeye aliota macho wazi.

Maneno yale yalimchoma. Akalinyanyua fyekeo juu ya kichwa akapiga. Alipiga nyasi akimpiga Jumbe. Alipiga nyasi akimpiga mpwa wa Jumbe. Akapiga kushoto, akapiga kulia, akapiga jiwe, cheche zikaruka. Fyekeo likasema, "Dada, unapigana. Mimi si rungu." Hakusikia. Nyasi zililala zikainuka, zililala zikainuka, na viganja vyake vikatoka malengelenge. Hata hajafikisha upana wa kitanda, mbele yake kikainuka kichwa cheusi, shingo imetanuka kama jani la mgomba. Swila.

— Yule wa kutema mate machoni?

Huyohuyo. Swila akasema, "Mimi naota jua langu hapa. Wewe umeleta vita." Sikudhani akatupa fyekeo akakimbia ndani, akafunga mlango. Siku ya kwanza ikaisha. Nyasi kiunoni. Na sasa kati ya mlango na kisima palikuwa na nyoka.

Siku ya pili Sikudhani akasema, mimi nimesoma. Kazi ya mkono ni ya asiyejua njia nyingine. Akakumbuka vitabu vya walimu wote saba, akaona jawabu ni moto. Nyasi zilikuwa zimekauka vichwani; zingeshika mara moja, moto ungemaliza kiwanja na swila wake, naye angekuwa amekaa. Bi Zawena akamuuliza kutoka ndani upepo unatoka wapi. Akajibu, "Mama, pumzika, hili lina hesabu yake."

Hesabu ya upepo hakuifanya.

Moto ukawaka, ukasimama, ukamtazama. Ukasema kwa sauti tamu, "Msomi, njoo uniote." Kisha upepo ukageuka, nao moto ukageuka nao, ukaanza kutambaa kuelekea nyumbani. Ukalamba ukuta. Ukashika ncha ya makuti. Ndani mama yake akawa anaita jina lake, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu sauti ikakatwa na kikohozi. Sikudhani akaingia kwenye moshi, akamburuta mama yake kwa kwapa mpaka nje, akarudi na mtungi wa maji ya kunywa akaumwaga wote juu ya paa, akapanda akakanyaga kuti kwa nyayo zake. Moto ukafa. Pembe moja ya paa ilikuwa jivu. Na nyasi je? Zile za karibu na ukuta zilikuwa zimeungua vichwa tu, kwani chini zilikuwa mbichi. Nyingine zote ziko palepale, zinaimba.

Bi Zawena hakumgombeza. Alikohoa, akafuta masizi usoni kwa upande wa kanga, akasema, "Miaka ishirini ulipokuwa unasoma, unadhani nilikuwa nafyeka kwa kuwa nimeadhibiwa?"

Sikudhani akamrudisha mama yake ndani.

Siku ya tatu akaamka alfajiri. Akatoka. Nyasi zikaanza:

*Sisi twaota, msomi naye aota...*

Akaziacha ziimbe. Akaliokota fyekeo kwenye umande, na mara hii akaliuliza linavyotaka kushikwa.

"Chini zaidi," fyekeo likasema. "Legeza bega. Usinipige, nizungushe. Mkono ukitoka, pumzi itoke. Mkono ukirudi, pumzi irudi. Kata penye mguu wako. Usikate penye hasira yako."

Chwa. Akakata. Chwa. Hatua moja. Chwa. Mwanzoni alikuwa akitazama ukingo wa kiwanja ulivyo mbali, akitazama jua linapanda. Fyekeo likamwambia ukingo si kazi yake, kazi yake ni shada hili. Akatazama shada hili. Chwa. Akatazama shada jingine. Semeni nami:

— Chwa.

Hatua moja.

— Chwa.

Hatua moja. Malengelenge yakapasuka, akafunga viganja kwa kitambaa, akaendelea. Akamfikia swila. Swila akainua kichwa, shingo ikatanuka. Moyo wa Sikudhani ukaruka, lakini mkono haukuruka. Chwa, akarudi nyuma hatua moja, chwa, akasubiri palepale akikata kando, taratibu, ardhi ikitetemeka kidogokidogo. Swila akashusha kichwa. Akasema, "Juzi ulikuja kama vita, nikasimama. Leo unakuja kama mvua. Mvua hupishwa." Akajikunjua akaingia korongoni.

Jua likasimama utosini, na Bwana Makoba akaingia na kamba na vigingi. Akatazama kulia: pamefyekwa. Akatazama kushoto: pamefyekwa. Akatafuta kama mtu anayetafuta nywele kwenye ugali, mpaka akaona kipande kimoja kimebaki, upana wa majamvi mawili, kwenye njia ya kutokea. Akaenda akasimama katikati yake, nyasi zikamfika mkanda.

"Kiunoni," akasema. "Hili pori."

Akachomeka kigingi cha kwanza, akainua nyundo. Bi Zawena, ambaye bintiye alimkokota asubuhi mpaka kivulini, akafumba macho.

Sikudhani angeweza kumsomea sheria, alizijua zote. Angeweza kumtukana, na matusi pia alikuwa amesomea. Hakufanya hata moja, kwa sababu zamu ya shada lililofuata ilikuwa imefika. Chwa. Hatua moja. Chwa. Fyekeo likapita mbele ya kidole cha kiatu cha mpima. Bwana Makoba akainua mguu. Chwa. Akainua wa pili. Kila alipotia mguu, ndipo nyasi zilipokuwa zinafuata kukatwa, naye akawa anarudi kinyumenyume, nyundo juu, anamwambia polepole binti, angalia binti. Kigingi kikafyekwa pamoja na nyasi. Alipopata nafasi ya kutazama chini, alikuwa amesimama barabarani, nje ya kiwanja, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kumfika hata kifundoni.

"Nitarudi mwezi ujao," akasema.

"Karibu, Bwana Makoba. Nyasi nazo zitarudi. Mimi nitakuwepo."

Akakusanya nyasi kwa reki, akamtandikia mama yake lundo bichi la kuegemea. Ile harufu mnaijua. Akaketi, akagundua kwamba tangu alfajiri hakuna mtu aliyemdharau kichwani mwake. Humo mlikuwa kimya, kama uwanja uliofagiwa.

— Kwa hiyo hakutaka tena kazi ya barazani?

Nani amekudanganya? Kesho yake alirudi barazani na karatasi yake, na keshokutwa pia, maana haki ni haki. Ila alikwenda baada ya kufagia, na alipoambiwa sori, alikuwa na mahali pa kurudi palipokuwa pake.

Basi shikeni hili: kazi ya kila siku si adhabu, na mkono unaokwenda taratibu huutuliza moyo ambao maneno yameshindwa kuutuliza. Lakini mtu aliyekaa kitini akikwambia fyeka uridhike, mwulize kwanza kwake hufyeka nani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, sufuria ile ya ugali inaoshwa na nani?