Shanga Zilizonuka Kiberiti

Sogeeni, na aliyevaa shanga azishike, maana hizi za leo hazikuwa na nia njema.

Mize alikuwa mtunga shanga. Akamjia bwana mgeni mwenye kanzu safi, akamwaga mkekani shanga za jiwe ziking'aa kama dhahabu.

"Nitungie za kiunoni, za mchumba wangu."

Mize akatunga, uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika. Mara ya tatu akatia uzi wa katani, ukashika, lakini shanga zikasuguana, zikatoa cheche na kunuka kiberiti. Mize akajisemea moyoni, dhahabu hainuki.

"Mchumba ana kiuno gani, bwana?"

"Kama chako. Jipimie wewe."

Mize akatabasamu. "Kwetu mwenye kuagiza hupimwa kwanza, ndoa isije ikapata nuksi."

Bwana akaona akikataa atajulikana. Akainua mikono shingo upande, Mize akafunga fundo. Shanga zikabana, zikabana, zikabana, kanzu ikapasuka, mkia wa zimwi ukachomoza, na zimwi lote likageuka jiwe.

Limesimama uwanjani hadi leo, linang'aa. Wageni hulisogelea kulisifu. Mize hulipita kwa mbali, maana fundo lile alilifunga kwa haraka, na hakumbuki kama alilikaza.