Mkeka Mzito wa Nyanjura

— Hadithi ije?
— Ije na kiti chake, ikae!
— Isipokaa?
— Tutaishika shati!

Haya. Hapo zamani, kando ya ziwa, paliishi kijana jina lake Masatu. Hakujua kutulia. Ugali haujaiva, yeye keshanawa. Kama wewe hapo unayetikisa mguu. Utulize!

Masatu alimposa Nyanjura wa kisiwani, akakubaliwa. Alimpenda mpaka usingizi ukamkimbia. Lakini kisiwani kulikuwa na desturi. Siku ya harusi bwana humvusha bibi kwa mashua, wawili peke yao. Jua likizama bibi hajakanyaga ufuko wa mumewe, hapana ndoa. Anarudi kwao moja kwa moja.

Mashua alikuwa nayo. Harusi ilingoja makasia tu. Fundi Mugeta akakata mti, akayachonga, akayatundika kivulini yakauke.

Masatu akaja. "Fundi, bado?"

"Bado."

Akaja tena, akaulizia njiani. "Fundi, bado?"

"Bado, mwanangu. Mti una maji."

Akaja tena, jasho linamtoka. "Bado tu?"

"Bado! Nenda kalime!"

Akalime? Thubutu! Fundi alipogeuka kuokota tezo, Masatu akachomoa makasia, huyooo, ziwani.

Kisiwani alikula chakula cha wakwe amesimama. Jamani, aibu niliona mimi! Nyanjura akatoka na mkeka uliokunjwa, mrefu, mzito.

"Mkeka gani huu?"

"Wangu. Utaujua."

Vuta, vuta, vuta. Makasia mabichi yalikuwa mazito, mikono ikatoka malengelenge. Jua likayachoma, yakaanza kujipinda.

"Mashua nzito! Tupa mkeka!"

"Situpi."

Vuta, vuta, vuta.

"Jua linashuka! Tupa mkeka!"

"Situpi."

Vuta, vuta, kacha! Kasia moja likapasuka, bapa likaenda na maji. Mashua ikazunguka pale pale. Masatu akaurukia mkeka autupe. Nyanjura akaukalia.

"Masatu, nitazame. Unanitaka?"

"Nakutaka mpaka naumwa!"

"Basi kaa."

Akakaa. Mara ya kwanza tangu azaliwe! Nyanjura akakunjua mkeka. Ndani mlikuwa na nini? Makasia mawili, makavu, meusi kwa moshi.

"Siku ya posa ulifika kabla ya mshenga wako," akasema. "Nikajua ninaolewa na nani. Nikachonga haya, nikayatundika juu ya jiko. Yamekaa huko tangu siku ile."

Akavuta. Mashua ikanyooka. Masatu akaibana mikono magotini, macho kwenye jua.

"Tumefika?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado."

Jua likagusa maji. Masatu akafungua mdomo. Akaufunga. Machozi yakamtoka, lakini hakuuliza. Jua likazama nusu, likabaki ukucha. Mchanga ukakwaruza chini ya mashua.

"Sasa uliza," akasema Nyanjura.

"Tumefika?"

"Tumefika, mume wangu." Akaruka, akasimama ufukoni, ukucha wa jua bado unamwangaza.

Hadithi imeinuka, imebeba kiti chake, imekwenda zake. Na wewe wa mguu, ukiniuliza kama imeisha, najibu: bado!

— Basi tunakaa!
— Kaeni!