Mtungi wa Nakijwa

“Mtue, ndipo umtume.” Leo asubuhi mmesikia jirani yetu akiambiwa hivyo alipokuwa anamfokea mkewe, nanyi mkacheka, mkidhani ni maneno ya kuchezea ulimi tu. Kaeni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Alikuwa mkunga. Mama yake mzazi alimfundisha kulipapasa tumbo la mjamzito na kujua mtoto amelalaje; na kama amekingama, kumgeuza taratibu mpaka kichwa kishuke. Watoto wengi wa kijiji kile walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mumewe alishuka nyikani na ng’ombe kutafuta malisho, akamwachia mama mkwe aliyepooza, wa kugeuzwa, kuoshwa na kulishwa. Chemchemi ya karibu ikakauka, ikabidi maji yafuatwe bondeni. Juu ya hayo, mtoto mmoja aliyempokea alitoka akiwa maiti. Watu wakanong’ona kwamba mkono wa Nakijwa una mkosi. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini kila alipopita mazungumzo yalikatika. Polepole naye akaanza kuamini. Akaacha ukunga. Akawa mtu wa kwenda bondeni na kurudi, macho chini, hasalimii mpaka asalimiwe.

Siku moja akipanda mlima, mtungi kichwani, mzigo wa kuni mgongoni, alimwona jirani yake Kalinga akimjia mbio.

“Dada Nakijwa! Mke wangu ana uchungu tangu jana. Wanasema mtoto amekingama. Twende!”

“Tafuta mwingine,” alijibu bila kusimama.

“Mwingine yuko wapi? Wewe ndiye ujuaye!”

“Mimi sijui kitu. Mkono wangu una mkosi, mmesema wenyewe.”

Kalinga alimsihi, kisha akamkasirikia. “Mwanamke gani wewe? Una jiwe moyoni? Mwenzako anakufa, unafikiria maji!”

Kila neno lilimwongezea uzito. Nakijwa alijitafuta moyoni apate walau huruma, asiipate. Alichokipata ni maji yaliyokuwa yakimmwagikia shingoni, na mama mkwe aliyekuwa akimngoja kitandani na njaa. Hilo lilimtisha kuliko matusi ya Kalinga. Labda kweli, aliwaza, nimekuwa jiwe. Akaendelea kutembea.

Alipofika nyumbani alimkuta Mkunde, shangazi yake Kalinga, amesimama mlangoni. Nakijwa alikaza shingo, akijua ataongezewa lawama. Mkunde alimsogelea. Aliinua mikono yake ya kizee, akamtua ule mtungi kichwani, akauweka chini. Kisha akamfungua kamba ya kuni.

“Keti, mwanangu,” alisema.

Akaingia ndani, akamgeuza mgonjwa, akachochea moto, akakoroga uji. Kikombe cha kwanza akampa Nakijwa mwenyewe. Kalinga, aliyemfuata Nakijwa nyuma, alikuwa nje akihangaika.

“Shangazi, muda unakwenda!”

“Nyamaza, baba. Mwache avute pumzi.”

Nakijwa alikunywa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwekea chakula mkononi. Machozi yakaanza kumtoka, yakidondokea ujini.

Mkunde akakaa karibu naye. “Yule mtoto aliyekufa, mimi ndiye niliyemwosha,” alisema. “Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka. Alikufa tumboni kabla hujaitwa. Niliwaambia watu, lakini mnong’ono una miguu kunishinda. Basi nakwambia wewe: mkono wako hauna kosa. Mama yake yule mtoto angemfuata mwanawe, nawe ukamrudisha.”

Nakijwa aliitazama mikono yake kana kwamba imerudi kutoka safari.

“Nani atabaki na mama?” aliuliza.

“Mimi nipo.”

Akanawa, akajipaka mafuta vidoleni, akatoka. Njiani yeye ndiye aliyemhimiza Kalinga aongeze mwendo.

Alipompapasa yule mama, alimkuta mtoto kweli amekingama. Kati ya uchungu mmoja na mwingine alisukuma kidogo, akangoja, akasukuma tena, akimnong’oneza mzazi asikate tamaa. Jua likielekea magharibi, kichwa kilishuka. Baadaye wote waliokuwa uani walisikia kilio chembamba, chenye hasira, cha mtoto wa kike.

Kalinga alimfuata shangazi yake. “Mimi nilimsihi, nikamtukana, asije. Wewe ulimwambia nini?”

“Ulimkuta na mtungi kichwani na kuni mgongoni, na maneno yetu juu yake. Ukataka akupokee na mzigo wako. Angeupokea kwa mkono upi?” Mkunde alimtazama. “Mtu humtui, wataka kumtuma!”

Kalinga aliinamisha kichwa. Kesho yake alionekana akipanda kutoka bondeni na maji, mwanamume mzima, watu wakamcheka. Akayapeleka kwa Nakijwa. Wake wa majirani wakaona haya, wakaanza kupeana zamu za kumtunza yule mama mkwe, na Nakijwa akarudia kazi yake.

Tangu hapo, mtu akimlaumu mwenzake kwamba ana roho mbaya, hasaidii watu, wazee wa kule humuuliza kwanza: “Amebeba nini?” Na asipojua la kujibu, humwambia: mtue, ndipo umtume.